Huduma Tupu Iliyoiangusha Benki

Ukitaka kuwagombanisha vijana wawili wanaosimamia seva, wawe Nairobi, Eldoret au hapa Matisi pembeni mwa mji wa Kitale, waulize ipi bora kati ya meshi mbili za huduma, Istio na Linkerd. Mmoja atakufungulia jedwali: hii ina vipengele vingi, ile ni nyepesi, hii inatumia proksi ya Envoy, ile ina proksi yake iliyoandikwa kwa Rust, hii ina kasi, ile ina kasi zaidi. Mwenzake naye ana jedwali lake, na majibu yake ni kinyume. Si kwamba wanadanganya. Majedwali hayo hupima chombo kikiwa kizima, na chombo kizima hakijawahi kumwamsha mtu usiku.

Nitasimulia basi kisa cha chombo kilichovunjika. Kilitokea London, na waliokuwa zamu wakakiandika hadharani dakika kwa dakika, jambo ambalo mabenki mengi hayathubutu. Kitamfaa kijana wa Trans Nzoia anayetaka kuweka meshi ya huduma kwenye mfumo wa ghala la mahindi, wa chama cha ushirika au wa duka la pembejeo.

Kwanza tuelewane meshi ni kitu gani. Mifumo mingi mikubwa siku hizi haijengwi kama programu moja. Hukatwa vipande vinavyoitwa huduma: kimoja kinasajili wakulima, kingine kinapokea uzito kutoka kwenye mizani, kingine kinalipa kwa M-Pesa, kingine kinatuma ujumbe mfupi. Kila kipande hufungwa ndani ya kontena, na makontena hugawanywa kwenye kundi la seva, yaani klasta, chini ya usimamizi wa Kubernetes, programu iliyotangazwa na Google mwaka 2014. Vipande vikiwa vinne, mazungumzo yao unayafuata kwa macho. Vikiwa mia nne, hujui tena nani anamwita nani, nani kachelewa, nani kanyimwa jibu. Hapo ndipo meshi inapoingia. Kila kontena huwekewa proksi ubavuni, mfano wa karani aliyekalishwa mlangoni mwa ofisi: barua haiingii wala haitoki bila kupita mkononi mwake. Yeye ndiye ajuaye ofisi ya malipo imehamia chumba gani leo, ndiye apigaye lakiri bahasha ili mwingine asisome, ndiye aandikaye daftarini ni barua ngapi zimechelewa. Kazi yake ni nzuri, lakini tazama alipokaa. Karani akizimia pale mlangoni, ofisi ambayo ndani ni nzima kabisa inahesabika imefungwa.

Sasa kisa chenyewe. Monzo ni benki ya Uingereza isiyo na matawi. Kila kitu hufanyika kwenye simu, na mteja wake utamtambua kwa kadi yenye rangi ya waridi kali inayoelekea machungwa. Ilianzishwa mwaka 2015, ikapata leseni kamili ya benki Aprili 2017, na miezi iliyofuata ilikuwa inawafungulia wateja akaunti za kawaida mahali pa kadi za kulipia kabla. Mfumo wake ulikuwa umekatwa vipande mamia, vyote juu ya Kubernetes, na maombi kati ya vipande yalipitishwa na Linkerd ya kizazi cha kwanza.

Siku kadhaa kabla ya tukio, wahandisi walipanua etcd, ghala la kumbukumbu ambamo Kubernetes huweka habari za nini kinaendeshwa wapi. Zilikuwa seva 3, wakazifanya 9 na kuweka toleo jipya. Lilikuwa jambo la busara: eneo zima la seva likizimika, kumbukumbu zibaki. Hakuna aliyekosea kuandika amri, na hakuna aliyeharakisha. Ila ndani ya toleo la Kubernetes walilokuwa nalo mlikuwa na hitilafu iliyolala, na upanuzi wa namna ile ndio uliokuwa wa kuiamsha.

Siku moja kabla ya tukio, timu nyingine ilipeleka huduma mpya, ikaona haifanyi kazi sawasawa, ikaipunguza hadi nakala sifuri. Hiyo nayo ni desturi njema: ukishuku kitu, kizime. Lakini kuzima nakala si kufuta huduma. Jina la huduma lilibaki kwenye orodha ya Kubernetes, na nyuma ya jina hapakuwa na kitu. Ikakaa hivyo usiku kucha bila kumsumbua yeyote.

Ijumaa, tarehe 27 Oktoba 2017. Huku kwetu watu walikuwa wanafuatilia hesabu za kura za uchaguzi wa marudio uliofanyika jana yake. London, saa nane na dakika kumi mchana, ambayo Kitale ni saa kumi na dakika kumi, mhandisi alipeleka badiliko dogo kwenye huduma ya malipo, badiliko la aina wanayoifanya kila siku. Malipo yakaanza kugoma. Akalirudisha badiliko nyuma mara moja, kama inavyotakiwa, na malipo yakaendelea kugoma.

Baada ya dakika chache wakamtambua mhusika. Proksi za Linkerd zilikuwa hazipokei tena habari kutoka Kubernetes kuhusu mahali huduma zilipohamia. Ile hitilafu iliyolala ilikuwa imeamka, na maulizo yalikuwa yanakatika bila jibu. Proksi zikaendelea kupeleka maombi kwenye anwani za zamani ambako hakukuwa na mtu. Malipo ya zile akaunti mpya za kawaida yakagoma. Sehemu kubwa ya mfumo ilikuwa bado inapumua.

Ndipo uamuzi ulipofanyika ambao ningependa kila mwenye klasta aukariri: washa upya proksi zote kwa pamoja.

Usiwacheke. Kila anayesimamia seva ana mkono unaokimbilia kitufe cha kuwasha upya, na mara nyingi mkono huo hauhukumiwi kwa sababu dawa inafanya kazi. Safari hii haikufanya. Proksi zilipojaribu kuinuka zilishindwa hata kupata mipangilio yake, kwa sababu Kubernetes yenyewe ilikuwa imekwama. Ikabidi nayo iamshwe kwanza. Ilipofika saa tisa na dakika kumi na tatu proksi zote zilikuwa zimewaka, na hakuna ombi hata moja lililokuwa linapita. Kilichoanza kama malipo yaliyogoma sasa kilikuwa benki nzima iliyozimika: mteja afunguapo programu haoni salio wala muamala.

Sababu ilionekana kwenye maandishi ya kumbukumbu ya Linkerd dakika kumi na nne baadaye. Kila proksi ilipoamka ilisoma orodha ya huduma kutoka mwanzo, ikafika kwenye ile huduma tupu iliyozimwa jana yake, ikashindwa kuelewa huduma isiyo na nakala, na kusoma kote kukaanguka hapo. Toleo la Kubernetes na toleo la Linkerd walilokuwa nalo hayakukubaliana namna ya kuandika kitu kisicho na kitu. Proksi za zamani hazikuwa zimeathirika kwa sababu zilikuwa na orodha yao kichwani tangu zamani; ni kuzizima na kuziwasha ndiko kulikozifanya zisome upya. Lakini linaloniuma zaidi ni hili: toleo la Linkerd lililorekebishwa lilikuwepo, limejaribiwa kwenye klasta yao ya majaribio kwa wiki kadhaa, linasubiri zamu yake.

Wakaanza kulipeleka. Na katika kulichunguza badiliko lililomo ndani yake wakagundua njia fupi zaidi: futa ile huduma tupu. Wakaifuta. Saa tisa na dakika thelathini na moja, benki ikarudi.

Ni dakika 81 tangu badiliko la kwanza. Monzo walikiri wenyewe kwamba kuwasha upya proksi zote kwa mkupuo kulizidisha madhara, na mkuu wao wa uhandisi, Oliver Beattie, akakisimulia kisa hicho mbele ya mkutano wa KubeCon huko Copenhagen mwaka 2018. Baadaye waliachana na Linkerd ya kizazi cha kwanza wakahamia Envoy.

Sasa rudi kwenye jedwali la kijana wetu. Tafuta safu ambayo ingemwonya mtu wa Monzo. Kasi haimo. Wingi wa vipengele haumo. Hata ubora wa Linkerd kama programu haumo sana, kwa kuwa hitilafu yake ilikuwa imekwisha kurekebishwa na waandishi wake. Kilichokuwa kinatakiwa ni maswali ya namna nyingine: chombo hiki kikikosa habari hufanya nini? Kikizimwa na kuwashwa, kinahitaji nini ili kisimame? Toleo langu la leo linaelewana na Kubernetes ya leo, na ya mwezi ujao? Na proksi zangu naziwasha upya moja moja, nikitazama, au zote kwa pamoja nikiomba Mungu?

Nikiulizwa kulinganisha, naanzia huko.

Chukua vyeti. Meshi hufunga mazungumzo kwa usimbaji, na kila proksi huonyesha cheti kabla ya kusikilizwa. Vyeti vya proksi vyenyewe ni vya muda mfupi, saa 24 kwa kawaida, na hujifanya upya bila kuguswa, Linkerd na Istio zote mbili. Shida iko kwenye cheti cha mzizi, kile ambacho vingine vyote vinaapa kwa jina lake. Ukisakinisha Linkerd kwa amri ya haraka bila kuleta cheti chako, inakutengenezea mzizi wa siku 365. Istio ikijitengenezea wake, unaishi miaka 10. Mwaka mmoja unaonekana mrefu siku ya kusakinisha. Lakini fikiria mfumo wa mahindi hapa Trans Nzoia: unajengwa na kujaribiwa kabla ya mavuno, unawashwa Oktoba malori yanapoanza kupanga foleni. Mzizi huo utakufa Oktoba inayofuata, malori yakiwa foleni, na siku hiyo proksi zitakataana zote kwa pamoja, huku programu zenyewe zikiwa hazina ugonjwa wowote. Kuna watu wengi duniani waliopatikana hivyo. Nyaraka za Linkerd zinaonya waziwazi kuhusu jambo hilo. Kijana anayefuata maelekezo ya dakika tano ndiye asiyefika kwenye ukurasa wa onyo.

Chukua kujaribu tena, kipengele ambacho wauzaji hukitaja kwa fahari. Ombi likishindwa, proksi hulirudia yenyewe, mtumiaji asijue. Istio ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida hurudia hadi mara 2 kwa aina fulani za kushindwa. Linkerd hairudii mpaka uiambie. Kwenye ombi la kusoma jina la mkulima, kurudia hakuna hasara. Kwenye ombi la kumlipa mkulima magunia yake kumi, ni habari nyingine: kipande cha malipo kinaweza kuwa kimeshatuma pesa, kikazimia kabla ya kujibu, na karani mlangoni, kwa nia njema kabisa, akatuma ombi lile lile tena. Pesa ya M-Pesa ikishaingia kwenye simu ya mtu huirudishi kwa kuifuta kwenye hifadhidata. Kinga haimo ndani ya meshi. Imo kwenye programu: kila malipo yapewe namba yake ya kipekee, iandikwe kwenye hifadhidata kabla ombi halijatoka, na namba iliyokwisha kuonekana ikataliwe. Anayefanya hivyo hana haja ya kuogopa Istio wala kuisifu Linkerd. Asiyefanya hivyo asiweke yoyote.

Uzito niupitie upesi. Proksi ya Istio, kwa kawaida yake, huomba mebibaiti 128 za kumbukumbu kwa kila podi, yaani kontena pamoja na proksi yake. Podi 40 ni gibibaiti 5 zinazoliwa na makarani kabla kazi haijaanza. Proksi ya Linkerd hula kidogo zaidi. Seva za kukodi hulipwa kwa dola, na mwanzoni mwa 2024 dola ilifika shilingi 160, kwa hiyo hili si suala la madaha. Istio wenyewe walikiri uzito huo: Septemba 2022 walitangaza mtindo usio na proksi ubavuni, ambao kazi ya msingi hufanywa na proksi moja kwa kila seva, na Novemba 2024 ukatangazwa kuwa tayari kwa matumizi kamili. Linkerd ya kizazi cha kwanza nayo iliwekwa hivyo mara nyingi, moja kwa seva.

Kuhusu kasi, sitamaliza wino. Vipimo vingi unavyoviona vimetolewa na wenye bidhaa, na tofauti zao ni za milisekunde chache. Ombi la kutoka Kitale hadi seva za Cape Town na kurudi hutumia nyingi kuliko hizo njiani tu.

Swali la nani anamiliki chombo, hilo lina uzito kuliko vijana wanavyodhani. Microsoft ilitoa Open Service Mesh mwezi Agosti 2020, kwa jina kubwa la kampuni na ahadi nzuri. Mwaka 2023 ikauweka mradi kabatini na kuelekeza nguvu kwa Istio. Aliyejenga juu yake alipewa maelekezo ya kuhama. Linkerd, iliyoanzishwa na Buoyant, ilikuwa na sifa ya kutolewa bure kabisa. Februari 2024 Buoyant ikatangaza kwamba matoleo imara yatatoka kwao tu, na kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inayoyatumia kwenye kazi halisi italipa. Msimbo umebaki wazi na matoleo ya majaribio yanaendelea kutoka, na sioni dhambi watu kulipwa kwa jasho lao. Ila aliyechagua kwa sababu ni ya bure aliamka amebadilishiwa hesabu. Istio nayo haikuzaliwa imetulia. Ilitangazwa Mei 2017 na Google, IBM na Lyft, na sehemu yake ya usimamizi ilikuwa imekatwa vipande kadhaa, kama inavyohubiri. Kuiendesha kukawa kazi ya kuumiza kichwa mpaka Machi 2020, kwenye toleo la 1.5, walipovikusanya vipande hivyo kuwa programu moja. Husemwa mganga hajigangi; huyu alijiganga, na dawa aliyoitumia ni kuacha kujikatakata.

Dawa hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi wa Kitale. Tuseme ni ghala la ushirika lenye usajili, mizani, malipo na ujumbe mfupi. Hivyo ni vipande vinne. Vinaweza kukaa kwenye programu moja iliyopangwa vizuri, seva mbili, na nakala ya hifadhidata mahali pengine. Kinachowakatia watu wa huku huduma ni kitu ambacho meshi haikigusi. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikakokota. Hakuna karani wa mlangoni anayerudisha stima. Pesa ya kumlisha ingetosha betri ya mizani na laini ya pili ya intaneti kutoka kampuni nyingine, ili mizani iendelee kupima na kuandika hata mtandao ukilala, kisha ipeleke hesabu ukiamka.

Wapo wanaohitaji meshi kweli: mwenye vipande mamia, timu nyingi zisizofahamiana, na mkaguzi anayetaka ushahidi kwamba kila mazungumzo ya ndani yamesimbwa. Kwa mwenye timu ndogo ningesema Linkerd, akilete cheti chake mwenyewe na kuandika tarehe ya kufa kwake ukutani. Kwa mwenye timu ya kuamka usiku kwa zamu, na mahitaji mengi ya kuelekeza maombi huku na huko, Istio. Mengine ni mapenzi.

Na kama umeshaamua kuiweka, ndugu yangu wa Matisi, nakuomba ufanye jaribio moja kwenye klasta ya majaribio kabla ya kuigusa ile ya kazi. Unda huduma, ipunguze hadi nakala sifuri, iache hivyo usiku mmoja. Asubuhi zima proksi zote kwa pamoja, uziwashe, na uandike ni dakika ngapi zimepita mpaka ombi la kwanza likajibiwa. Kisha sogeza saa ya seva mbele kwa siku 366, urudie. Lifanye kabla ya Oktoba, malori hayajaanza kupanga foleni.